Mlima Ndani ya Mtutu

Enzi zetu, kabla watoto hawajajua kulilia simu... Ngoja kwanza. Juzi nilisema hivyo saluni hapa Voi, na mama niliyekuwa namsuka akacheka mpaka nikaziachilia nywele zake. "Enzi gani, Mghoi? Wewe hata mvi huna!" Sawa, sina. Lakini ninyi mliokua nami kule chini ya mlima Kasigau mnanielewa. Mtu aliyekimbia shuleni miguu mitupu, akala kimanga cha jana, mihogo na maharage yaliyopondwa, kwenye kopo la siagi, ana enzi zake. Ziliwahi tu kuisha.

Nakumbuka Makwasinyi ile ya vumbi jekundu, vumbi lililoingia kwenye chai, kwenye masikio, kwenye Biblia. Tuliruka blada, ile kamba ya mpira, mpaka kengele ya shule ilie. Tulipika kalongolongo kwa mchanga, na bado kuna mtu alinuna eti amepewa mchanga kidogo. Njiani kwenda shule tukikuta mavi ya ndovu bado yanatoa moshi, tulisimama hapo hapo, kimya, mpaka mkubwa wetu aseme twende. Tukichelewa tulimwambia mwalimu, "Tulikuta ndovu," naye alituingiza darasani bila kuuliza la pili. Watoto wa siku hizi wanasema wamechelewa kwa sababu chaji iliisha.

Baba yangu alikuwa polisi wa akiba. Kwa wasiojua, huyo ni mwanakijiji kama wengine, analima pojo na mahindi kama wengine, ila serikali imempa bunduki alinde watu. Kijijini kwetu walikuwa wawili, Baba na jirani yetu Mwadime. Bunduki ya Baba ilikuwa ile ya zamani ya kitako cha mbao, ndefu kuliko mimi. Nikiwaambia niliiogopa nitakuwa nimesema kidogo. Niliiheshimu kama mgeni mkubwa aliyekuja kukaa kwetu na hataki kuzoewa.

Kila jioni ya kiangazi, jua likiwa bado lipo, Baba alitandika mkeka uani. Mama akilisikia tu lile shuka la plastiki likikunjuliwa juu ya mkeka, alitwambia, "Haya, midomo." Tukafunga midomo. Hata kuku nadhani walifunga. Baba alitoa risasi, akampa Mama aende nazo ndani kwenye mkebe wake. Akafungua komeo, akatazama ndani, akaingiza kidole pale risasi inapokaa, akatazama tena. Alikuwa ametoka kuzitoa mwenyewe, lakini bado alitazama. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Macho husema hakuna. Kidole ndicho hakidanganyi."

Kisha kazi ikaanza. Alikuwa na kamba nyembamba yenye kichuma kizito upande mmoja. Alikidondosha kile kichuma kutoka nyuma ya mtutu kikatokea mbele, tik, halafu akaivuta kamba ikiwa na kipande cha kitambaa cheupe mkiani. Vitambaa vilikuwa fulana zetu za shule zilizokwisha. Cha kwanza kilitoka cheusi. Cha pili kikatoka cha kahawia. Aliendelea hivyo, bila haraka, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Hapo ndipo alichukua kichupa chake cha mafuta, akaweka tone kwenye kidole, tone tu, kama mtu anayepaka mtoto mchanga, akapitisha kwenye komeo. Kisha akafuta tena. Mimi nilishangaa: unapaka ya nini kama unafuta?

"Hapa kwetu ni vumbi," aliniambia. "Mafuta mengi ni gundi."

Siku za kawaida alifuta tu nje na kupitisha kitambaa. Jumamosi aliifungua yote, kwa sababu Jumapili alitaka kukaa kanisani na moyo mweupe. Mvua ikinyesha, siku hiyo hiyo. Na ikilia, hata kama ni hewani, alikuwa hali chakula kabla hajaisafisha. Hapo alitaka na maji moto ya kumimina kwenye mtutu, na hapo ndipo Mama alipokuwa anasema.

"Baba Mghoi, haya yalikuwa maji ya chai."

"Najua, mama watoto."

"Bunduki inaoga maji moto, watoto wangu wanaoga baridi. Siku moja nitasikia inataka na sabuni ya kunukia."

Baba alicheka, na maji akayachukua.

Lakini mniulize mimi nilikuwa nangoja nini muda wote huo, nimekaa juu ya mawe nimekumbatia magoti. Nilikuwa nangoja mwisho. Mwishoni, komeo likiwa limetolewa na kuwekwa kando, Baba alinyanyua mtutu mwenyewe, akauelekeza mlimani, akaniita. Kuigusa, hapana, sijawahi mpaka leo. Yeye aliishika, mimi niliweka jicho nyuma, pale komeo lilipotoka.

Wenzangu, sijui niseme vipi. Ndani ya kile chuma kulikuwa na mwanga. Mifereji midogo ilijizungusha kwenda mbele, inang'aa, kama maji yanayozunguka yakitaka kuingia shimoni, ila haya yalikuwa yamesimama. Na kule mwisho, ndani ya duara dogo kama kifungo cha shati, kulikuwa na kilele cha Kasigau. Mzima! Mlima ambao ukisimama chini yake shingo inauma, umeingia kwenye kifungo, na lile jiwe lake tupu, na kiwingu chake juu.

"Unauona mlima?" Baba aliuliza.

"Nauona."

"Una ukungu?"

"Hauna."

"Basi imesafika."

Ndicho kilikuwa kipimo chake. Nikisema kuna ukungu, hata kidogo, alianza upya bila kununa, na Mama akalalamika chakula kinapoa.

Mwadime alikuwa mtu mwingine. Mtu mzuri, mcheshi, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Bunduki yake aliitundika jikoni juu ya moshi, karibu na mahindi ya mbegu. Baba alimtania kila walipokutana.

"Mwadime, hiyo yako siku ikikohoa itatoa masizi."

"Aa, wewe nawe! Bunduki si bibi harusi. Ikilia, imelia."

Basi mwaka mmoja mahindi yakakubali. Yale ya Nyanya, mama yake Baba, yalikuwa marefu mpaka ukiingia unapotea. Ndovu wakaanza kushuka. Nyanya akasema yeye haondoki shambani mpaka avune. Akahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mimea, na sufuria yake ya kupiga kelele. Baba alimbembeleza, Mama akambembeleza, mchungaji pia. Nyanya akajibu, "Nimelima na mgongo huu. Ndovu ana mgongo mkubwa, si alime chake?"

Baba alikosa usingizi kwa ajili ya lile dungu. Na wiki hiyo, mbele ya watu baada ya kanisa, alimtania Mwadime kuliko siku zote. Alimwambia shamba la Nyanya liko karibu na nyumba yake kuliko yetu, kwa hiyo ile bunduki ya masizi ndiyo itafika kwanza, Mungu atusaidie. Watu walicheka. Mwadime pia alicheka, lakini nilimwona akitazama viatu vyake.

Asubuhi moja, jua likianza kuchungulia, tukasikia sufuria. Si kupiga kwa kawaida. Kupiga kwa mtu anayeitwa akhera na hataki kwenda. Baba alichukua bunduki akatoka, sisi nyuma yake, Mama akitupigia kelele turudi. Tulifika kwenye ukingo wa shamba, tukasimama kana kwamba tumegonga ukuta.

Ndovu alikuwa mmoja, jike kubwa, mwekundu wa vumbi letu lile lile. Alikuwa amesimama chini ya dungu, bega lake kwenye nguzo, anajikuna. Kila akijikuna, dungu lilienda huku likarudi kule, na Nyanya juu yake, anapiga sufuria na kumfokea kama jirani aliyempitishia mbuzi shambani: "Toka! Ulipanda wewe? Ulipalilia wewe? Huna hata haya, mama mzima!" Wallahi sijawahi kuona kitu kikubwa na kitu kidogo vikisimama karibu namna ile. Nguzo ikalia, kra.

Mwadime alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa ameinua bunduki juu, anavuta komeo, halivutiki. Anavuta kwa mikono miwili. Akageuka, uso wake umekuwa wa mtoto. "Imekataa! Baba Mghoi, imekataa!"

Baba alipiga hatua mbele kando ya Mwadime, akaelekeza mtutu juu kabisa, upande ambao hakuna mtu wala ndovu, mbingu tupu. Komeo lake likaenda kama kidole kwenye asali. Bunduki ikalia mara moja. Mlio ulikwenda, ukaupiga Kasigau, ukarudi kwetu. Ndovu akatandaza masikio, ardhi ikanguruma miguuni mwangu, kisha akageuka na kupita katikati ya mahindi, bila haraka sana, kama mtu aliyeambiwa kwa heshima kwamba muda umekwisha. Nguzo iliinama lakini haikuanguka. Baba alimshusha Nyanya kwa kumbeba mgongoni. Akiwa bado juu ya mgongo ule Nyanya akamwuliza, "Ulichelewa nini, ulikuwa unaiogesha?"

Watu walitaka kumbeba Baba. Alikataa. Alirudi nyumbani, akatandika mkeka. Na Mama, kabla hajaombwa, akaepua sufuria nzima ya maji ya chai akaiweka kando yake. Baba alimtazama, naye akatazama pembeni.

Mwadime akaja na yake. Alisimama mlangoni mwa ua. "Niliisafisha," alisema. "Jamani, jana niliisafisha yote. Nilinunua mpaka mafuta kwenye mashine ya kusaga posho, nikaimwagia. Nilitaka nikuonyeshe."

Baba aliichukua, akahangaika nayo mpaka ikafunguka. Ndani, mafuta na vumbi jekundu vilikuwa vimeshikana kama uji wa wimbi ulioganda. Sote tulingoja amtanie. Nilijua hata maneno yatakavyokuwa. Baba akakwangua kidogo kwa ukucha.

"Nilikucheka," alisema, "na sikukuonyesha. Kaa hapa."

Wakakaa bega kwa bega, wakasafisha zote mbili, na tangu siku hiyo Jumamosi mkeka ulikuwa wa watu wawili. Mwisho Baba akanyanyua mtutu wake, akaniita kama kawaida. Nikaweka jicho.

"Unauona mlima?"

"Nauona, Baba. Lakini unacheza."

"Sio mlima," akasema. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake.

Siku hizi bunduki zimerudishwa serikalini, kuna uzio wa stima, na ndovu akija watu wanampiga picha kwanza. Vijana wetu pia wanasafisha, msiwaonee. Wanapiga mswaki raba nyeupe kuliko wanavyopiga meno, na kioo cha simu kinafutwa kila dakika kwa shati. Ila sijaona anayeng'arisha kitu mwaka mzima, huku akiomba kisitumike hata siku moja. Nikifungua saluni yangu, na nitaifungua, nitaiita Kasigau, na dirisha lake litatazama upande huo, hata kama kutoka Voi itabidi niote tu.

Baba bado yupo Makwasinyi, ila macho yake yameingia ukungu. Nikienda kumtembelea tunakaa uani jioni, anauliza, "Mlima unaonekana?" Nakunja ngumi, naacha katundu, naweka jicho, na kumweleza: kiwingu kiko kushoto, jiwe linang'aa. Mwezi ujao nitamleta hospitali hapa Voi, daktari amesema ukungu huo unatoka. Nilimwambia Baba watamsafisha macho vizuri, asiogope.

Alifikiri sana. Mwadime, aliyekuwa amekaa kando yake, akaanza kucheka hata kabla hajasikia jibu.

"Sawa," Baba akasema. "Lakini uwaambie wasitie mafuta mengi."