Mama Vipimo Alipohama Kifaru, Mumewe Akakunja Mikono

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Vipimo anatafuta jiwe.

Zahanati ya kwanza iko mbele yake na muuguzi ameshatoka nje, trei ya sampuli mkononi. Uwanja ni mpana, pa kuegesha hapakosekani. Lakini mwanamke huyu anazunguka na pikipiki yake kubwa mara moja, mara mbili, macho chini, kama aliyedondosha pete. Hatimaye anaona jiwe kando ya mfereji. Analiendea polepole, analikanyaga kwa mguu wa kushoto, anazima injini.

"Hapo sawa," anasema akishusha pumzi. "Sasa tunaweza kusalimiana."

Muuguzi hashangai. Ameshazoea kumfuata na trei hadi kwenye mfereji.

Mama Vipimo ana umri wa miaka arobaini na minane na watoto wawili waliokwisha kujitegemea. Jina amepewa na kazi. Kila siku ya kazi huzunguka zahanati saba za milimani, akikusanya damu, makohozi na mikojo ya watu, na kuvipeleka maabara ya hospitali kuu. Kesho yake hurudi na majibu. Ni kilomita mia moja na arobaini, na kuanzia zahanati ya tatu gari halipiti mvua ikinyesha. Kabla yake, mgonjwa wa huko juu alisubiri wiki mbili kujua anaumwa nini. Siku hizi husubiri siku mbili.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi hiyo aliifanya juu ya Kifaru. Anayesoma haya na hajui pikipiki, avumilie kidogo. Kifaru na Mwewe ni aina mbili za pikipiki za safari ngumu, zile ndefu zenye matairi ya kung'ata tope, na huko milimani mtu ni wa Kifaru au ni wa Mwewe. Husalimiana vizuri, huoleana, lakini spana hawaazimani.

Mwaka jana wakala wa Kifaru alifunga duka, na vipuri vikakoma kuja. Ofisi ikamkabidhi Mama Vipimo Mwewe mpya kabisa.

"Sitaki kuisingizia," anasema. "Ni nyepesi, breki zake zinasikia, mlima inaupanda huku inapiga mluzi. Tatizo ni moja tu. Ni ndefu, na mimi Mungu alinikadiria."

Kiti cha Mwewe kiko sentimita tisini toka ardhini. Mama Vipimo ana futi tano, na akiulizwa huongeza inchi moja ya heshima. Akikaa juu yake, vidole vya mguu vinaning'inia hewani.

"Nikienda sianguki. Naanguka nikisimama."

Mengine ya uhamiaji huo yalikuwa ya kucheka. Kwenye Kifaru, kitufe cha chini upande wa kushoto kilikuwa cha taa za kukata kona. Kwenye Mwewe, mahali pale pale kuna honi. Kidole gumba cha miaka kumi na mmoja hakibadilishwi kwa barua ya ofisi, kwa hiyo mwezi wa kwanza kila kona aliyokata aliipigia honi. Watu wakadhani anawasalimu. Wakaanza kupunga mikono. Mzee mmoja wa kona ya pili akawa anainuka kabisa kwenye kiti chake kuitikia.

"Kidole kilipojifunza, nikasakamwa: 'Siku hizi unaringa, hata salamu hutoi!' Basi yule mzee bado nampigia makusudi. Nitafanyaje?"

Kuanguka, hata hivyo, hakukuwa mchezo. Mara ya kwanza alilala chini uwanjani pa hospitali, mbele ya msimamizi wake na foleni nzima ya wagonjwa. Mara ya pili ilikuwa zahanati ya tano, kwenye kokoto. Sanduku la sampuli lilifunguka, chupa kumi na moja zikavunjika. Moja ilikuwa ya mjamzito wa miezi minane aliyekuwa ametembea toka alfajiri kuja kutoa damu, na sasa ingembidi atembee tena.

"Nilimfuata hadi kwake kumwomba radhi. Akaniambia, 'Pole wewe mama, hukuumia?' Hapo ndipo nililia."

Msimamizi si mtu mbaya. Alimwita ofisini, akamkalisha na kumwambia kwa upole, "Dada yangu, ukianguka mara ya tatu nakutoa njiani. Nitakutafutia kazi ya mezani."

"Mezani nikafanye nini?" Mama Vipimo anauliza. "Kule juu watu wananijua kwa mlio. Wakinisikia wanatandika kitambaa mezani, wanapanga chupa. Niwaache?"

Alikwenda kwa wakala wa Mwewe kuomba ishushwe. Kijana wa kaunta alimwangalia juu hadi chini, safari ambayo haikumchukua muda, kisha akasema, "Mama, pikipiki haishonwi kama gauni."

Maskini hakujua anaongea na nani. Nyumbani kwa Mama Vipimo kuna mtu aliyeshona pikipiki.

Mumewe ana miaka sitini na miwili, na kila mtu humwita Fundi, mkewe akiwemo. Karakana yake ni chumba kimoja kilichogandana na nyumba, na ukutani kuna kifaru aliyemchora kwa mkono wake, ingawa kusema kweli anafanana zaidi na ng'ombe mwenye hasira. Miaka kumi na mmoja iliyopita Fundi alimpima mkewe mguu kwa kamba, akachonga sponji ya kiti cha Kifaru, akashusha shokapu, akakunja pedali ya gia imfuate unyayo. Ile pikipiki ilimkaa kama kiatu chake mwenyewe.

Mwewe hakuigusa. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu ifike nyumbani, na hakuwa ameiwekea hata kidole.

Siku ile ya jiwe, mwandishi wa makala haya alimkuta ameketi mlangoni pa karakana, kikombe cha chai nusu amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Alikuwa mpole, mwenye mzaha. Alipoulizwa kuhusu Mwewe, mzaha ulikwisha.

"Mimi ni wa Kifaru," alisema. "Huyo ndege sina habari naye."

Mkewe aligeuza uso. Baadaye, tukiwa nje, aliyatoa yaliyomkaba.

"Miaka ishirini na sita ya ndoa, mwanamume huyu hajawahi kuninyima spana. Leo nimebadilishiwa pikipiki, wala si kwa kupenda kwangu, ananisusia. Yaani nikihama Kifaru nimemhama yeye? Anajua nikianguka tena kazi imekwisha. Anajua, na anakunywa chai."

Kwenye daftari, mwandishi aliandika neno moja kumhusu Fundi: mkaidi. Leo analiona neno hilo na kuona haya.

Wiki sita baadaye tulirudi. Kwenye zahanati ya kwanza Mama Vipimo aliingia uwanjani, akasimama katikati kabisa, mahali pasipo na jiwe wala kokoto, akashusha mguu. Unyayo wote ukakaa chini. Muuguzi akampigia makofi, trei ikiwa kwapani.

Kilichotokea kati ya safari hizo mbili alikisimulia mwenyewe, ameketi juu ya lile sanduku la sampuli.

Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Kiwiko alichoangukia kwenye kokoto kilikuwa bado kimevimba. Alikata shauri: kama Fundi hataki, atafanya mwenyewe. Aliitoa Mwewe uani, akang'oa kiti, akachukua kisu cha jikoni, akaanza kuchonga sponji.

"Nilikuwa nachonga kwa hasira. Kiti cha watu kikaanza kufanana na mkate ulioliwa na panya."

Fundi alivumilia kwa dakika kumi hivi. Kisha akatoka mbio. "We mama, acha! Utaharibu! Sponji huanzwa mbele, siyo katikati!"

"Basi shika wewe!" Akamwekea spana kiganjani.

Spana ilianguka. Fundi aliinama, akaiokota, ikaanguka tena.

"Nikamwambia, 'Fundi, kiburi chako kitaniua.' Nilisema hivyo, naapa. Akasimama pale uani, akanyoosha mikono yake mbele yangu, miwili yote. Ilikuwa inatetemeka kama mtu aliyetoka mtoni. Akasema, 'Si kiburi.'"

Mama Vipimo anafuta kioo cha pikipiki ambacho hakina vumbi.

Ilikuwa imeanza zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kwanza mkono wa kulia, halafu wote. Siku moja mteja wake mmoja aliondoka na nati ya gurudumu la mbele ikiwa haijakazwa. Fundi alikumbuka baadaye, akamkimbilia kwa miguu hadi njia panda na kumkuta anapumzika. Toka siku hiyo hakuamini mikono yake. Wala hakumwambia mtu.

Fundi mwenyewe analieleza vizuri zaidi. Safari hii amekubali kuzungumza, na kikombe amekiweka chini, mikono yote wazi mbele yetu.

"Vipuri vya Kifaru vilipokoma, watu walinipa pole. Moyoni nikashukuru. Wateja hawaji, hakuna wa kuona. Nilipata pa kujificha, mwanangu. Halafu Mwewe ikaja hapa mlangoni. Ningemwambiaje? Niiguse, nikosee, afe mlimani kwa mkono wangu? Nikaona heri anichukie."

"Nilimchukia kweli," mkewe anadakia. "Kwa wiki nane."

"Nane na siku tatu."

"Alihesabu!"

Wanacheka, lakini macho ya Fundi yamelowa na hajaribu kuyaficha. Mama Vipimo anasema baada ya siku ile mambo mengi yalimrudia. Mwaka mzima wa mwisho wa Kifaru, mumewe alikuwa akimwambia akaze nati mwenyewe, eti ajifunze. Chai akaanza kutaka nusu kikombe. Akaacha kuwasainia wateja risiti.

"Mimi nikasema uzee, uvivu. Mke gani mimi? Nabeba vipimo vya milima mizima, wa kwangu nyumbani hajapimwa."

Jumapili ile hawakulala mchana. Fundi alikaa juu ya kreti, mikono katikati ya magoti, na mkewe akapiga magoti kando ya Mwewe. Yeye alisema, mkewe alitenda. Chonga hapo. Acha kidole kimoja. Legeza, legeza, basi. Alipofika kwenye shokapu ya nyuma, Fundi alifumba macho na kumwambia azungushe taratibu, amsikilizie. Nati ikikaza vizuri, anasema, inatoa sauti ya mtu anayekubali.

Kazi ilichukua Jumapili tatu. Ya pili ilikaribia kuharibu kila kitu. Mama Vipimo alishamaliza kuishusha pikipiki, akaiegesha kwa stendi yake ya pembeni, akarudi nyuma kuitazama kwa fahari. Mwewe ikaanza kulalia upande wa pili. Aliidaka kwa bega.

"Ukishusha pikipiki na stendi usiikate, lazima ikusukume," Fundi anaeleza. "Kosa hilo kila fundi analifanya mara moja. Nami nililifanya, kwenye Kifaru yake."

"Alijua, na akaniacha nidake!"

"Nilitaka uwe fundi."

Stendi ikakatwa vidole viwili. Jumatatu baada ya Jumapili ya tatu, msimamizi alipanda pikipiki yake na kumfuata nyuma hadi zahanati ya saba. Mama Vipimo alisimama mara kumi na tisa. Hakuanguka. Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akamwambia, "Haya, endelea na watu wako."

Kazi yake iko salama, na ndiyo mshahara pekee unaoingia nyumba ile tangu karakana ilegee. Jamaa wawili wa Mwewe, wafupi wenzake, wameshapita kuulizia nani amemshushia. Akawaambia waje Jumamosi, siku asiyokwenda milimani. Anataka karakana ifunguliwe kila Jumamosi, yeye chini na spana, Fundi juu ya kreti. Fundi ameweka masharti: kifaru wa ukutani hafutwi, na yeye hatalitaja lile jina. Mpaka leo huiita "huyu mgeni."

Lakini Jumamosi siyo siku ambayo Mama Vipimo anaingojea sana. Anaingojea Jumatano. Amemwombea mumewe miadi kwa daktari, na yeye mwenyewe ameomba ruhusa kazini, wamwangalie hiyo mikono. Fundi alikataa mara mbili, mara ya tatu akauliza wataenda na nini. Mkewe akaonyesha uani.

Ni mwendo wa saa moja na nusu. Katika ndoa yao yote, Fundi ndiye aliyekaa mbele. Jumatano atakaa nyuma, juu ya Mwewe, mbele ya macho ya wote wanaomjua.

"Ana wasiwasi," Mama Vipimo anasema, akifunga kofia. "Jana ameniuliza atashika wapi. Nikamwambia atanishika mimi, kiunoni. Akasema, 'Itakutikisa.' Nikamwambia itikise tu, Fundi. Njia nzima nitajua upo."