Mzuka Aliyefuata Gauni Lake Manzese

Mikanda ya kutisha nimeitazama mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili zake, na ukweli ni kwamba karibu yote ni upuuzi mtupu. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumwagika mjini, sikukosaga banda la video la Manzese hata Jumamosi moja. Kwa hiyo ukinisikia naiponda, jua nimelipia haki ya kuiponda.

Chukua ule wa nyumba inayotoka damu ukutani. Baba anaiona damu, anaifuta kwa kitambaa, wanakaa mezani wanakula. Sie kwetu choo kikijaa tu, mpangaji anafunga virago. Au yule msichana anayekimbizwa na jitu lenye shoka. Anakimbia kwenye majani laini, hakuna jiwe, hakuna shimo, lakini anaanguka. Anainuka, anaanguka tena. Jitu lenyewe linatembea taratibu kama mjumbe wa nyumba kumi anayepitisha michango, na bado linamfikia. Halafu damu yao, tomato ya kopo! Mie nimeshika kuku wa sikukuu, damu naijua.

Mtafsiri wa banda naye alikuwa balaa. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akijisifu kwamba Kiingereza alikipata Kurasini kwa mabaharia. Tafsiri yake sasa: "Huyu anakwenda. Sasa anarudi. Oya, huyu atakufa." Na kweli anakufa.

Kipaza sauti kile nilikitamani mpaka nikakiota. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na Kiingereza changu kilikomea kwenye kumwamkia mwalimu. Ila niliamini kwamba wafu ningewasemea vizuri kuliko yeye, maana biashara yangu ilikuwa mitumba, ambayo wengi tuliiita kafa Ulaya. Mteja akiuliza, "Mwenyewe kafa na nini?" namjibu, "Na raha." Tunacheka. Lakini nikifungua robota la nguo peke yangu, nikakuta kishikizo kimerudishiwa kwa uzi wa rangi nyingine, moyo ulikuwa unaniuma. Kuna mtu alikaa dirishani akakishona hiki.

Jumamosi moja mtafsiri akaamka sauti imekauka. Watu wameshajaa, na mwenye banda akauliza nani anajua Kiingereza. Nikanyoosha mkono.

"We muuza nguo?"

"Mie, braza."

"Haya. Wakiogopa, kila Jumamosi ni yako. Wasipoogopa, usinionyeshe tena hiyo sura."

Mkanda wenyewe ulikuwa wa kijinga kuliko yote. Mama mmoja marehemu, kavaa gauni jeupe lenye lesi shingoni, anapita kwenye nyumba kubwa akifungua makabati. Ndiyo hivyo tu. Anafungua, anachungulia, anafunga.

"Mzuka gani huyu, anatafuta mende?" mmoja akapiga kelele.

"Tafsiri we, au umelala?"

Nikalikodolea macho lile gauni. La aina ileile nilikuwa nimemuuzia jirani yangu, mama muuza vitumbua, wiki mbili nyuma. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Anauliza," nikasema polepole, "nguo zangu ziko wapi?"

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Anasema, nimekufa, hata arobaini haijafika, wameshafungua kabati langu. Wamezifunga robota, wamezipakia melini." Mzuka akafungua kabati jingine. "Anasema, meli ilishusha hapo Kurasini. Njia naijua."

Kwenye benchi la mbele jamaa mmoja akaanza kufungua vifungo vya shati. Mwingine akajipapasa kisogoni kutafuta lebo ya jaketi lake. Yule mzuka akageuza uso akatutazama, nami nikasema, "Anasema, nakuona." Lo! Walitoka kwa mkupuo, na bati la upande wa barabarani likatoka nao.

Mwenye banda alinishika mkono kama bwana harusi. "Kila Jumamosi," akasema.

Jumatatu hakuna aliyechagua nguo mezani kwangu. Walikuja kurudisha! "Chukua koti lako bwana, mwenyewe asije." Watu walewale waliokuwa wakicheka neno kafa. Mtu mzima ana ndevu, anarudisha soksi! Nikawacheka wazi wazi, mpaka alipofika mama muuza vitumbua. Kabeba lile gauni, kalifua na kulikunja, na juu yake sweta dogo la mwanawe. Ilikuwa ile baridi ya Julai, na mtoto alisimama nyuma yake kajifunga kanga, anakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko bandani sikuwepo, nimeambiwa tu. Mpelekee mwenyewe nguo zake. Mwambie sikujua."

"Mama, ile sinema tu. Maneno nimetunga mie."

Akanitazama. "Kwani Kiingereza hukijui?"

Ningesema sikijui, ingefika kwa mwenye banda kabla ya adhuhuri. "Nakijua," nikasema.

"Basi amesema."

Akaniachia nguo mezani, akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata watu waliutaka mkanda uleule. Walijaa mpaka mlangoni, na bati lilikuwa limepigiliwa misumari mipya. Mama muuza vitumbua nilikuwa nimembembeleza aje, akakaa kwenye benchi la mwisho, mtoto kampakata. Yule mzuka akageuza uso. Mwenye banda akanikonyeza. Nikatazama benchi la mwisho.

"Anasema," nikaanza, "nimefika Manzese. Nimewaona mnavyozifua nguo zangu, mnavyozipiga pasi ya mkaa. Mie nilizifungia kabatini tu. Anasema, nimetoa radhi. Vaeni."

"Aaah!"

"Rudisha hela!"

"Huyu mzuka au bibi yangu?"

Na ujinga wa mkanda ule, papo hapo yule mzuka akamkaba mtu shingo.

"Mbona anamkaba?"

"Anamkumbatia," nikasema.

Mwenye banda akaninyang'anya kipaza sauti mbele ya watu wote. Mpaka leo sijakishika tena. Ila ukiniuliza katika uchafu wote ule utazame upi, nitakwambia ule wa makabati, kwa sababu yule marehemu alionekana ana shida yake. Wale wengine wana mashoka tu.

Jumatatu mama muuza vitumbua alifika hata sijamaliza kupanga meza.

"Amesema tuvae, eti?"

"Amesema, mama."

"Na sweta alilitaja?"

"Ndilo alilolitaja la kwanza."

Akamvalisha mtoto palepale. Kichwa kikanasa kwenye shingo ya sweta, tukasaidiana kulivuta, yeye upande wake na mie upande wangu.