Nilivyomsahihisha Babu kuhusu neno "OK"

Jamani, huku Omani, mji mzima wa Ibra hakuna anayejua asili ya maneno ya mtaani ya Kiingereza kunishinda mimi. Waingereza wenyewe waje, nitawasomesha!

Leo kwenye kahawa, mbele ya wageni, Babu akaanza:
"Hilo 'OK' limeanza kwa mabaharia, bandarini Unguja. Marehemu kaka yangu ndiye..."

Nikamkata.
"La, Babu! Ni mzaha wa magazeti ya Marekani, zamani hizo."
Nikamwonesha na kwenye simu. Wageni wakacheka.

Babu akatikisa finjani, yaani basi, asimiminiwe tena. Na ndiyo kwanza finjani ya mwanzo!
"Khalas, mjukuu wangu. Umeshinda."

Haya, nichekeni. Neno nililipatia.

Lakini tangu nizaliwe sijapata kumsikia Babu akimtaja kaka yake. Leo alianza, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.