Ugomvi wa Fausta Wapelekwa Balangdalalu

Mwalimu Felician wa kijiji cha Daudi alistaafu akiwa na shamba la ngano, ng'ombe waliotawanywa kwa marafiki, na kompyuta iliyojaa ugomvi. Ugomvi ulikuwa wake na marehemu Fausta, mkewe, muuguzi aliyefanya kazi Mtwara miaka mingi. Kwa kuwa simu ilikuwa ghali na wote wawili walipenda kumaliza sentensi, waligombana kwa barua pepe. Wagane wengine hubaki na picha na kanga. Felician alibaki na barua hizo, na imani kwamba nyingi alishinda yeye.

Kompyuta ilipoanza kukoroma, Margwe, fundi wa Mbulu mjini, alimshauri.

"Mwalimu, nakili folda nzima ya programu ya barua, siyo barua moja moja. Nakala ikae mbali na nyumba. Au tuiweke mtandaoni."

"Mtandaoni kwa nani?"

"Kuna kampuni, ina mashine zake huko nje."

"Boma lake silijui, mwenyewe simjui, nimpe mke wangu anitunzie?"

Basi akainakili kwenye flashi, akafanya kama babu zake walivyofanya na mifugo: ng'ombe wote hawalali zizi moja, ugonjwa ukiingia utaamka maskini. Flashi akampelekea rafiki yake Gidamis, mfugaji wa Balangdalalu, ambaye tayari alikuwa akimtunzia mitamba wawili.

Masika kompyuta ikafa. Margwe akaweka diski mpya, tupu kama kanisa siku ya Jumatatu, akasema, "Lete nakala." Felician akasafiri hadi Katesh, kisha kwa bodaboda hadi kwa Gidamis.

"Flashi yangu iko wapi?"

"Iko salama. Nimempa Gidahosh."

"Nani kakuambia umpe Gidahosh?"

"Hapa kwangu panya wamezidi, mwalimu. Mali ya rafiki ukiona hatari unaisogeza. Hata mitamba yako wako kwake, mbona hao hukuwaulizia?"

Habari ya mitamba Felician alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Lakini utaratibu ni utaratibu. Wakaenda.

Gidahosh, kijana wa boma la tatu, alitoa shikamoo kisha akatoa kibuyu kikavu. Ndani, kwenye nailoni, flashi.

"Anayetunza hukamua, mzee. Tuliichomeka kwenye redio, haikuimba hata kidogo. Hii yako ni tasa."

"Marehemu mwenyewe alikuwa anaimba sana," Felician akasema.

Kule Mbulu, Margwe akairudisha folda mahali pake, na barua zikajipanga kama vile hazijawahi kuondoka. Felician hakusubiri chai. Akaenda moja kwa moja kwenye ugomvi wa trekta, ule aliousimulia kila harusi kama ushindi wake mkubwa. Akasoma. Fausta alikuwa sahihi tangu salamu. Jibu la mume, refu kuliko yote aliyowahi kuandika, liliishia kwa maneno: *Sawa, mama, umeshinda.*

"Zimepona zote, mwalimu?"

"Zote. Kwa bahati mbaya."

Akavuta kiti karibu, akafungua inayofuata.