Ng'ombe wa Jirani Hawahesabiwi

Mimi ndiye yule aliyemvalisha mbuzi wa shule tai ya mwalimu wa zamu, kwa hiyo mtu mwenye akili zake asingenikabidhi darasa. Lakini mama yangu mkubwa akishaamua jambo, akili za wengine hazina kazi tena.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimerudi kutoka bweni, kidato cha tatu, na mpango wangu ulikuwa mmoja tu: kulala mpaka jua lichoke kunisubiri. Asubuhi ya pili akaingia yeye, dada yake mama, amejitanda shuka mpaka puani kwa baridi. Alikuwa anasomea ushonaji kwenye chuo cha wananchi karibu na Katesh. Mwalimu wao wa hesabu alikuwa amehamishwa, na mtihani ulikuwa mwisho wa mwezi.

"Nimeshamwambia mkuu wa chuo kwamba mwalimu nimempata," akasema.

"Nani huyo?"

"Wewe. Si ndiye unayetupigia kelele na aljebra yako hapa?"

Nikacheka. Mama hakucheka. Ndipo nikaelezwa kwamba mama mkubwa ameshafeli hesabu mara mbili, na chuo hakimpi mtu nafasi ya nne. Bila hesabu hakuna cheti. Na kule Haydom, hospitalini, walikuwa wanatafuta mshonaji wa mashuka, lakini awe na cheti. Miaka yote amekuwa akishona kwenye kibaraza cha duka la mtu, anahamishwa na cherehani yake kila gari la mzigo likija. Alikuwa amechoka. Sasa uchovu wake ukawa wangu.

Siku ya kwanza niliingia darasani na chaki nikitegemea wanafunzi wasimame. Nani asimame? Wote walikuwa mama zangu. Nikaanza mimi: shikamoo, shikamoo, shikamoo, meza kwa meza, katikati ya macherehani. Nikijaribu kuwasalimia kwa jumla, mama mkubwa anakohoa. Nikimaliza, kipindi nacho kimeshaliwa.

Halafu ukiwa mdogo, huwezi kumwambia mtu mzima amekosea. Unasema, "Mama, hapa naomba tupaangalie tena kidogo." Anapaangalia. Anakuambia, "Nimepaangalia. Pako vizuri." Sasa unafanyaje?

Nikaandika ubaoni: Mzee ana ng'ombe x. Ameuza watatu, wamebaki tisa. Tafuta x. Nilijiona mjanja, nimewaletea mfano wa nyumbani.

"Huyo mzee ni nani?" akauliza dada mmoja kutoka kijiji cha Daudi, aliyekuwa ananyonyesha.

"Hayupo, dada. Ni mfano tu."

"Kama hayupo, unatafuta nini kwenye zizi lake?" akadakia mama mkubwa. "Mwenyewe kaandika x maana yake hataki wajulikane. Muache."

Wakacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Nikawabadilishia, nikaandika mbuzi. Ikawa yale yale. Nikajaribu kuku, wakasema kuku hawana neno, lakini wameuzwa kwa sababu gani, kuna msiba? Hapo nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Nikaandika: Mama ana watoto x.

"Futa!" akasema mama mkubwa. "Watoto wa watu unawahesabu ubaoni mchana kweupe? Futa kabla sijaja huko na futi yangu."

Nikafuta. Na mimi nimekulia hapa hapa, nimeyasikia hayo tangu utotoni: mifugo ya mtu haihesabiwi, mtu anaitazama rangi zake tu ikiingia jioni, na asiporudi yule mwenye baka jeupe anajua. Ila sikujua kwamba haya mambo yataingia mpaka kwenye aljebra.

Nikawapa jaribio dogo, lile lile la ng'ombe wa mzee. Mama mkubwa alihamisha tatu upande wa pili, akageuza alama ikawa jumlisha, mstari kwa mstari, safi, mpaka nikataka kumpigia makofi. Alipofika mwisho, pale pa kuandika kumi na mbili, akaandika: Anao wa kutosha.

"Mama mkubwa! Jibu unalijua!"

"Nalijua."

"Sasa kwa nini hukuliandika?"

"Kulijua ni kwangu. Kuliandika ni kumtangaza mtu."

Usiku ule sikula ugali vizuri. Nikamwambia mama kwamba dada yake atafeli kwa adabu. Mama akasema nirudi nikafundishe, yeye hajaona mwalimu anayelalamika kuliko wanafunzi.

Kesho yake nikaandika vifungo. Fundi ana vifungo x, kashonea vitatu, vimebaki tisa. Looo! Mambo yakaenda kama cherehani iliyotiwa mafuta. Kumi na mbili! Wakajibu kwa sauti moja, hata yule mtoto alishtuka. Kuanzia hapo kila kitu kikawa vifungo, na mimi nikaanza kujisifu kwenye kioo.

Siku ya mtihani, swali akalitunga mkuu wa chuo mwenyewe, naye akadhani anawasaidia: Mfugaji ana ng'ombe mara mbili ya wale wa jirani yake. Wakizaliwa ndama watano, atakuwa na thelathini na mmoja. Jirani ana ng'ombe wangapi? Nilipolisoma nilishika kichwa. Afadhali wangekuwa wake. Ng'ombe wa jirani!

Baada ya siku mbili mkuu akaniita ofisini. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya mama mkubwa, na kalamu nyekundu ilikuwa hewani.

"Mwalimu," akasema, na neno hilo alilisema kama mtu anayetema mbegu, "swali limeuliza ng'ombe. Huyu ameniletea vifungo kumi na vitatu. Nikimpa maksi za hapa amefaulu. Nisipompa, ndiyo basi tena. Hivi vifungo vimetoka wapi?"

Mdomo ukajiendea wenyewe kama kawaida yake.

"Shikamoo mkuu. Samahani, kwako nyumbani mna ng'ombe wangapi?"

Kalamu ikatua mezani.

"Wewe mtoto! Mtu mzima anaulizwa hivyo? Umelelewa na nani?"

"Nimelelewa na mwenye hiyo karatasi, mkuu."

Akanitazama. Akaitazama karatasi. Akanitazama tena, mpaka nikaanza kujiona nafagia chuo siku zote za likizo zilizobaki. Kisha akachukua kalamu, akaweka alama ya vema, na bila kuinua uso akaninyooshea kidole mlangoni.

Nilikimbia mpaka kwenye kibaraza cha duka. Mama mkubwa alikuwa anapindisha suruali ya mtu.

"Umefaulu! Haydom hiyo!"

Akasimamisha mguu kwenye pedali. Akafumba macho, akamshukuru Mungu taratibu. Mimi nikaona sasa ndiyo nafasi ya kueleza nilivyopigana, nikamsimulia yote, neno kwa neno. Nilipofika kwenye lile swali langu, akafumbua macho.

"Umemuuliza nini mkuu wa chuo?"

"Kama ana ng'ombe wan..."

Sikio langu lilikuwa limeshafika mkononi mwake.