Watoto wa Mama Issa Wanatulia Mno

(Jina la msichana huyu tunalo, na la kijiji chake pia. Hatutayachapa, na majina ya watu wengine tumeyabadili.)

Haya ninayoandika sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu ninayelala naye mkeka mmoja. Nina miaka kumi na sita, nasoma katika shule moja ya huku juu, upande wa Newala. Mimi si msemaji. Nikiitwa mbele ya darasa sauti hunikauka, ila kalamu hainiogopeshi, ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaosoma na mnaosomewa gazeti hili huko mliko.

Tangu vita vya Maji Maji viishe, wazazi wetu huchukuliwa na boma kutengeneza barabara. Wanatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Maghala yalichomwa, mashamba hayana kitu. Kwa hiyo watoto wadogo wakimaliza masomo ya asubuhi hawana pa kwenda. Wanabaki kwenye banda nyuma ya shule, na Mama Issa anawalea mpaka jioni. Nikitoka darasani namsaidia: nawafuta pua, nawaandikia herufi mchangani. Wananiita Dada Karatasi.

Mama Issa si mtu mbaya, nawaomba mlishike hilo. Wanawe wawili walikwenda vitani wakiamini risasi zitageuka maji, hawakurudi. Mtoto akianguka yeye ndiye wa kwanza kumnyanyua. Lakini wazazi wanampenda zaidi kwa jambo jingine: kwake watoto wanatulia. Wakija kuwachukua wanawakuta wamelala wote.

"Mama Issa, una mkono wewe," wanamwambia. "Nyumbani huyu ananipasua kichwa kwa kilio, hapa kalala kama bwana harusi!"

Wanatulia kwa sababu ya ndiga.

Mlio pwani huenda hamuijui. Ni kiazi cha porini tunachochimba mwaka wa njaa, na kina sumu. Hukatwa vipande vyembamba, kikalowekwa kwenye maji yanayotembea kwa siku kadhaa mpaka uchungu wote uondoke. Asiyengoja, ulimi hufa ganzi, miguu humlegea, akalala. Akila nyingi zaidi, haamki. Bibi yangu wa Lisekese, kule Masasi, alinifundisha hayo nikiwa mdogo. Lakini Lisekese kuna kijito. Huku juu kwetu maji ni ya kushukia bondeni, na mtu akienda asubuhi anarudi mchana na mtungi mmoja.

Siku nilipoona vipande kwenye chungu bado vina utelezi, nilijikaza nikasema.

"Shikamoo, Mama Issa."

"Marahaba, Dada Karatasi. Mbona umekodolea macho chungu changu, umeona herufi?"

"Ndiga hizi zimeingia majini jana tu, mama. Bibi yangu huziacha mtoni..."

"Bibi yako ana mto mlangoni. Mimi nina mtungi huu. Nikiumalizia kwenye ndiga, hawa watakunywa nini, mate yangu?" Kisha akapunguza sauti. "Nimeonja mwenyewe. Uchungu umebaki kidogo tu. Tena wakilala, mwanangu, hawaisikii njaa. Au wewe unataka walie?"

Nikaenda kuandika herufi.

Haikupita muda, ikatokea ya Zuhura, binti wa jirani yetu. Alikuwa na miaka mitano, mcheshi, mwenye kupenda kula. Siku hiyo mwenzake alikataa bakuli lake, akisema linamwasha mdomo. Zuhura akamaliza lake na la mwenzake. Aliposimama alipepesuka, na watoto wakacheka wakapiga makofi: "Zuhura kalewa! Zuhura kalewa pombe ya babu!" Naye akacheka. Halafu akajilaza. Mama yake alikuja jioni akamfunga mgongoni akiwa bado amelala, akamshukuru Mama Issa kwa kumshibisha.

Asubuhi hakuamka. Watu walisema ni njaa, kwa kuwa siku hizi kila anayekufa husemwa hivyo. Mama Issa alilia kuliko wote msibani, na naamini hajui. Au anajua, hataki kujua. Chungu bado kinapikwa vilevile, na watoto bado wanalala.

Shida yangu ni hii. Nikitamka neno sumu, litamfikia akida, msimamizi wetu wa boma, kabla ya magharibi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha pili alisemwa kuwa anawapa watu dawa, akapelekwa bomani, tukaletwa wote kutazama kitanzi. Hawatauliza habari za maji ya bondeni. Watauliza nani alipika. Nikinyamaza, nami ndiye ninayewagawia mabakuli, nitakuwa nangoja kuona nani anafuata. Na mama yake Zuhura bado huniambia, "Angalau mwanangu alikuwa na wa kumwangalia."

Ndugu zangu mlio wakubwa kwangu, mliolea na mliozika, nionyesheni njia. Nimwambie nani, na kwa maneno gani, ili watoto wapone na huyu mama asinyongwe?

Hayo niliyaandika juzi. Barua haijapata mchukuzi, kwa hiyo naongeza.

Jana alfajiri nilikwenda kwa mama yake Zuhura kabla hajatoka kwenda barabarani. Nilimwambia yote nikiwa nimeinamisha uso, nikamwambia pia kwamba kosa ni la maji, si la roho ya mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Alishiba?"

"Ndiyo, mama. Alikula mabakuli mawili."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilikaa nje nikimngoja mpaka ngoma ya kuwaita watu kazini ikapigwa. Hakutoka. Askari walikuwa wameshaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwatoa waliobaki.

Nikaondoka, nikaenda moja kwa moja bandani; Mama Issa alikuwa ameshuka bondeni kuteka maji, na watoto walioachwa na wazazi walikuwa hapo wakingoja masomo. Nilikishika chungu cha Mama Issa kwa mikono miwili, nikamwaga kila kilichomo nyuma ya banda, nikafukia kwa udongo, huku watoto wakinililia kwamba wana njaa.