Pip Tatu za Limi

Limi hajui kutulia. Alizaliwa Samuye, akaenda Geita kupikia wachimbaji, vumbi la makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, likamchosha, akajifunza kompyuta hukohuko. Sasa yuko Kagongwa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mama Ritha. Hata hapo hakai kitini. Leo atahamisha meza, kesho atapanga upya magunia ambayo hakuna aliyemtuma kuyagusa.

Kazi yake ni kutunza programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, inayomtumia mkulima ujumbe wa simu mpunga wake ukishakobolewa. Alisaidiwa na Masudi, aliyemfundisha kule Geita, na ndiye aliyeandika faili la kuiwashia.

Siku moja mashine ilisimama ikisubiri mkanda mpya, na Limi, kwa kukosa la kufanya, akafungua folda ya Python. Humo akaikuta pip, ile inayoshusha vifaa ambavyo programu inavihitaji, imekaa mara tatu: pip, pip3 na pip3.11. Akazijaribu mojamoja. Zote zikajibu toleo lilelile, kutoka folda ileile. Roho ikaanza kumwasha. Python ni moja, pip tatu za nini? Akafuta mbili, akabakiza ile yenye jina fupi, akajisikia nafuu.

Kesho yake mkanda ulifungwa na mashine ikarudi kazini, lakini Limi alipowasha kompyuta, programu haikuwaka. Kufikia mchana wakulima walikuwa wamejaa mlangoni.

"Limi, watu wanasema hawajapata ujumbe," alisema Mama Ritha. "Kuna nini?"

"Naangalia, mayu," Limi alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Aliangalia mtandao, akazima kompyuta, akaiwasha. Akatoka nje, akarudi. Mwisho akampigia Masudi.

"Umegusa nini?" Masudi aliuliza.

"Sijagusa kitu." Akaifungua tena ile folda. "Nimefuta pip mbili. Zilikuwa zilezile, kaka."

"Ni zilezile kweli. Lakini faili langu la kuwashia linaanza kwa kuita pip3 ikague vifaa. Isipoitika, linagoma hapohapo."

"Sasa kwa nini ziwe tatu?"

"Kuna kompyuta zilizokuwa na toleo la pili na la tatu la Python pamoja, namba ikasaidia kuzitofautisha. Kwako ipo moja, kwa hiyo majina yote yanakupeleka palepale. Wewe usihangaike na majina. Iambie Python yenyewe iendeshe pip. Andika python -m pip, halafu uiagize ijisakinishe upya."

Limi akaandika kama alivyoelekezwa. Pip zote tatu zikarudi. Kisha akafungua faili la kuwashia, akaondoa pip3, akaweka python -m pip mahali pake. Programu ikawaka, na nje simu zikaanza kulia mifukoni mwa watu.

Akazitazama tena zile tatu. Sasa angeweza kuzifuta bila kuharibu kitu. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, kisha akaifunga folda. Hakuridhika, ila alichoka.

Jioni alimfuata Mama Ritha, akaomba ruhusa ya kwenda Geita kwa Masudi kujifunza zaidi. Hakusema atarudi lini.

"Nenda," Mama Ritha alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiupepeta. "Lakini kwanza nifundishe mimi kuiwasha hiyo programu yako."

Limi akavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta. Yeye mwenyewe alibaki amesimama.